Msichomelee splita kwenye kuta za Lamu

Pita vichochoro vya Mkomani ukiinua macho, utaona boksi jeusi limepigiliwa kwenye ukuta wa matumbawe, kebo ya intaneti ya nyuzi za kioo (fiber) imeingia, nyingine imetoka. Ndani mna splita ya 1:8, kifaa cha kugawa mwanga wa uzi mmoja kwenye nyuzi nane, iliyochomelewa pande zote mbili, bila adapta ya kuchomeka na kuchomoa, bila uzi wa akiba hata mmoja. Inaudhi sana. Uchochoro una upana wa punda na mzigo wake, na mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Nani atakubali ukuta utobolewe tena kila teknolojia ikibadilika?

Mitambo ndiyo kazi nyepesi. GPON, teknolojia ya zamani ya kupitisha intaneti kwenye nyuzi hizi, hushuka kwa mteja kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310. XGS-PON, ile mpya yenye gigabiti 10 kwa sekunde kwenda na kurudi, hushuka kwa 1577 na kupanda kwa 1270. Mianga hiyo haigombani: hupita uzi mmoja na splita ile ile, mradi kwenye kituo cha mtoa huduma pawekwe kichujio cha kuichanganya. Nyumba ibaki na ya zamani, hoteli jirani ipewe mpya.

Tatizo ni desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea njiani. GPON ya daraja B+ (daraja la nguvu ya mitambo) inaruhusu upotevu wa desibeli 28. Splita mbili za 1:8 zikifuatana hula kama 21. Kilomita tano kwa 0.35 kila moja ni 1.75, konekta (vichwa vya kuchomekea) nne kwa nusu nusu ni 2. Umebaki na 3 na kidogo, na kebo iliyobanwa kwenye kona ya mlango inaweza kuzimaliza zote. Tena mkunjo hauumizi mianga yote sawa: 1310 hupita, 1577 huvuja. Fundi aliyepima kwa 1310 peke yake ataondoka ameridhika, na siku XGS-PON inafungwa, taa nyekundu inawaka. Pimeni 1310 na 1550 pamoja. Tofauti ikiwa kubwa, tafuteni mkunjo. Ndani ya nyumba tumieni uzi wa aina ya G.657.A2, inayovumilia kona ya nusu kipenyo cha milimita 7.5. G.652 ya kawaida inataka 30.

Ninachotaka ni kabati moja kwa mtaa, splita ya 1:32 yenye konekta za kijani, kila nyumba na uzi wake hadi kabatini, na nyuzi za akiba kurudi kituoni. Zahanati ikihitaji laini yake peke yake, chomoa kwenye splita, safisha ncha, chomeka kwenye uzi wa akiba. Dakika tano, na jirani hajui. Kwenye lile boksi jeusi utakata na kuchomelea upya, na wateja wanane wanaweza kukaa gizani. Konekta ya kijani msiichomeke na ya buluu: ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8, hazigusani sawasawa.

Sawa, nyuzi nyingi zina gharama, na kwa Kipungani, kijiji kilicho mbali chenye nyumba chache, splita za kufuatana zinaeleweka. Si Mkomani wala Langoni, ambako nyumba zimegusana.

Kabati liwe la plastiki lenye mpira mlangoni, kwa sababu chumvi hula bawaba za chuma, na kebo ziingie kwa chini. Kila uzi uwe na lebo ya kuchapwa, si ya kalamu. Wino ukishafutika, fundi atachomoa zahanati ili aunganishe duka.