Geniedijk: Tuta la Vita na Uwanda Ulio Mbele Yake

Kusini-magharibi mwa Amsterdam, nchini Uholanzi, kuna tuta la udongo la takriban kilomita 10 linaloitwa Geniedijk. Wahandisi wa jeshi walilijenga kati ya mwaka 1888 na 1903 kama sehemu ya mzunguko wa ngome na maji uliolinda Amsterdam, wakaligawa kwa ukingo mmoja eneo la Haarlemmermeer, ambalo awali lilikuwa ziwa lililokaushwa kwa pampu za mvuke hadi kufikia mwaka 1852. Leo tuta hilo ni njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na hakuna sababu ya kujutia jambo hilo. Kinachostahili kujadiliwa ni kiasi gani cha miti, taa, mikahawa na viwanja vya michezo kinaweza kuongezwa kabla tuta halijapoteza maana yake.

Maana hiyo haimo ndani ya udongo peke yake. Adui angekuja kutoka kusini, milango ya maji ingefunguliwa na mashamba ya upande huo yangefunikwa kwa maji ya kina cha nusu mita hivi, kina ambacho ni kikubwa mno kwa askari wa miguu na mikokoteni ya mizinga, hasa kwa kuwa mitaro iliyo chini isingeonekana, lakini ni kidogo mno kwa mashua za kivita. Tuta lingeyazuia maji yasifike kaskazini, na mizinga iliyokuwa kwenye ngome za Vijfhuizen, Hoofddorp na Aalsmeer ingelinda sehemu ambazo adui angejaribu kuvukia. Silaha, basi, ilikuwa uwanda wenyewe. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1853, iliyohusu ngome za Uholanzi hata kabla ya tuta hili kujengwa, ilizuia ujenzi wa kudumu kandokando ya ngome, na karibu nazo kabisa ikaruhusu nyumba za mbao tu, ambazo zingeweza kuondolewa upesi vita vikija.

Wanaotetea burudani wana hoja nzito. Haarlemmermeer imebanwa na uwanja wa ndege wa Schiphol, barabara kuu ya A4 inalikata tuta, na mji wa Hoofddorp umepanuka mpaka kuligusa. Mahali penye msongamano kama huo, kumbukumbu isiyotumiwa na mtu hukosa wa kuisemea siku ramani ya barabara mpya inapochorwa. Ngome ya Vijfhuizen, kwa mfano, imepata uhai mpya kama nyumba ya sanaa. Hadhi ya Urithi wa Dunia, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1996 kwa mzunguko mzima wa ulinzi wa Amsterdam wenye kilomita 135, ni kinga kubwa, lakini kinga ya karatasi huhitaji watu wanaopita pale kila jioni na wanaotaka njia yao ibaki.

Hata hivyo, neno “kijani”, linalotumika kusifia njia na bustani kama hizi, linaficha mgongano. Safu ya miti mirefu upande wa kusini hupendeza, lakini hufunga macho yasione mashamba ambayo yangezamishwa, na mpitaji akabaki kwenye bustani ndefu kama nyingine yoyote. Taa za usiku humfaa mwendesha baiskeli, ilhali huwasumbua popo wanaopitisha majira ya baridi ndani ya ngome. Watetezi wa historia nao wasizidishe: katika safu za ulinzi za Uholanzi, wanajeshi wenyewe walipanda miti na vichaka vya miiba ili kuzificha ngome, kwa hiyo tuta tupu kabisa si lazima liwe ndilo tuta kama lilivyokuwa mwanzo.

Kwa maoni yangu, vivuli, viti na mikahawa viwekwe upande wa kaskazini, na upande wa kusini uachwe wazi, bila miti mirefu wala majengo, hata pale uhitaji wa nyumba unapokuwa mkubwa. Uamuzi huo una gharama, nayo humwangukia kwanza mwenye shamba anayekatazwa kujenga. Sheria ya mwaka 1853 ilifutwa mwaka 1963, na mzigo ule ukirudishwa leo kwa ajili ya historia na mapumziko ya wengi, ni haki wanaofaidika na njia hiyo, kupitia serikali yao, wamlipe fidia.