Baruti ya marisau kwenye bastola: ubishi wa wawindaji wa Lubumbashi

Marekani, watu wanaojijazia risasi nyumbani wamezoea kutia baruti ya bunduki ya marisau kwenye maganda ya bastola. Habari hiyo ikifika kwa wawindaji wa huku Lubumbashi, ubishi hauishi. Wengine wanasema baruti ni baruti tu. Wengine wanaapa kwamba bastola itampasukia mtu mkononi.

Kwa ufundi, wale wa kwanza hawako mbali na ukweli. Mtutu wa bunduki ya marisau ya kalibre 12 una upana wa milimita 18 na nusu hivi na presha yake ni ndogo, kwa hiyo baruti yake lazima iwake upesi, la sivyo marisau yanatoka kabla haijaisha kuungua. Bastola nayo ina mtutu mfupi, inataka baruti ya tabia hiyohiyo. Ndiyo maana Unique, baruti ya tangu mwaka 1900, huuzwa kwa matumizi yote mawili. Tena ni nafuu: kopo la nusu kilo linaweza kujaza maganda zaidi ya elfu moja.

Balaa liko hapohapo kwenye uchache wa baruti inayoingia kila ganda. Ganda la bastola linaweza kumeza vipimo viwili badala ya kimoja, na aliyechoka asione tofauti. Viwango vya Marekani vinaruhusu presha ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 11,500 kwa kartushi ya kawaida ya kalibre 12 na 35,000 kwa bastola ya milimita 9, basi mtu anadhani bastola ina nafasi tele. Haina. Katika chumba kidogo namna ile presha hairuki kwa hatua sawa. Hata risasi ikisukumwa ndani ya ganda kupita kiasi, presha inapaa bila baruti kuongezwa.

Ila kinachonitenga na wale wa kwanza si presha. Mmarekani ana kopo lenye jina, jedwali la vipimo la mtengenezaji na mizani. Huku mtu anakata kartushi, anamwaga marisau pembeni, anabaki na vipande vya kijivu juu ya karatasi. Ni baruti gani hiyo? Viwanda vya risasi hununua kwa shehena aina nyingine ambazo haziuzwi kwa mtu binafsi wala hazimo kwenye jedwali lolote. Mbili zinafanana machoni, zinawaka tofauti.

Najua kartushi ni ghali, na mwindaji mwenye kibali chake chini ya sheria ya silaha ya 1985 naye ana familia ya kulisha. (Ingawa sijaona bado anayewinda kanga kwa bastola.) Mwenye kopo lenye jina, anayefuata jedwali lake neno kwa neno, sina ugomvi naye. Baruti ya kwenye karatasi siitetei, hata kwa kalibre 12 yenyewe.