Biolojia ya maji itakulisha?

Mjomba aliniuliza hivyo nilipojiandikisha biolojia hapa Bukavu. Yeye alitaka nisome sheria. Laiti ningekuwa namjua Emil Racoviță siku ile, ningekuwa na la kumjibu.

Mromania huyu, mzaliwa wa 1868, naye alianza na sheria huko Paris kabla ya kuhamia sayansi. Udaktari wake wa 1896 ulihusu minyoo ya baharini. Mwaka uliofuata akapanda Belgica, meli ya Wabelgiji iliyotoka Antwerp kwenda Antaktika. (Mwaka huohuo Wakongo 267 waliletwa Tervuren, Ubelgiji, kuonyeshwa kwa watu, saba walifia huko. Siwezi kusoma habari za meli ile bila kuwakumbuka.) Machi 1898 barafu ikainasa Belgica, ikaishikilia mwaka mzima. Mabaharia waliugua kiseyeye, wengine akili ziliyumba. Racoviță akaendelea kukusanya viumbe, akiwemo mdudu wa jamii ya mbu asiye na mabawa, mdogo kama punje ya mchele. Leo anaitwa Belgica antarctica.

Aliporudi alifanya kazi katika maabara ya bahari ya Banyuls, Ufaransa. Mwaka 1904 akaingia pangoni katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, akakuta kijidudu kipofu cha majini, na moyo wake ukahamia mapangoni. Mwaka 1920 akaanzisha Cluj, Romania, taasisi ya kwanza duniani ya utafiti wa mapango.

Kwetu angeambiwa anatangatanga. Tunachojua sisi ni ngazi za chuo kikuu: asistanti, shefu wa travo, profesa. Sina ugomvi na ngazi. Ila Racoviță alipata mwaka mzima na maji yaleyale, hata kama ni barafu iliyomlazimisha. Mimi katika masomo yangu yote nilichukua maji ziwani mara mbili tu, na mara ya pili injini ilizimika mbele ya mtaa wa Nguba, tukapiga kasia kwa vifuniko vya ndoo.

Na Kivu si ziwa la kuchungulia mara mbili. Kina chake ni karibu mita 485, lakini chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni. Huko ni metani na gesi ya kaboni. Sambaza, samaki wetu wadogo kama dagaa, wote wanabanana kwenye tabaka la juu. Tena ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Wanaolala na maji haya ni wavuvi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka. Asistanti atakayepanda nao kila juma kwa miaka kumi, na ndoo yake na daftari, mimi nitamwita profesa hata kabla ya karatasi kusainiwa.

Juzi asubuhi mama anayeniuzia sambaza aliweka mmoja kiganjani, akanisogezea.

"Mwalimu, wewe si ulisoma mambo haya? Mbona safari hii ni wadogo hivi?"

Nikamwambia nitaulizia.

"Utamwuliza nani?" akasema, huku akiniongezea konzi moja.