Sema bado

Juzi nilikuwa dirishani kwenye ofisi moja hapa Dar, karani ananijazia fomu. Akafika kwenye hali ya ndoa.

"Dada, umeolewa?"

"Hapana."

Kalamu ikasimama. Akanitazama juu ya miwani, kisha kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto salamu: "Sema bado, mama." Akaandika: hajaolewa.

Hilo "ja" limenikaa kichwani. Mvua haijanyesha, maana yake tunaitazamia. Maharage hayajaiva, tunayangoja. Sasa mtu mzima wa miaka 41 akiitwa hajaolewa, naye yuko jikoni, watu wanafunua kifuniko kila Krismasi kuona kama ameiva. "Hakuolewa" lipo, lakini hilo tunalisema tukishamzika.

Mwanaume ana jina lake: kapera. Halina bado ndani yake. Tena lina raha zake. Kapera ana geto, ana kitanda cha futi nne na mtungi mdogo wa gesi. Sikukuu ikifika makapera wanacheza mpira na waliooa, wakifungwa wanasingizia njaa. Sarufi yetu haina jike wala dume, kwa hiyo hakuna kinachozuia mwanamke kuwa kapera. Haya, mwite shangazi yako kapera uone watakavyocheka. Yeye neno lake ni msimbe, na hilo watu hulisema akishatoka nje.

Vijana wametatua kwa kusema "niko singo". Sikatai, ila singo ni tangazo: nafasi iko wazi. Unaweza kuwa na mtu wako miaka mitano, si singo hata kidogo, na karani bado akakuandika hajaolewa. Na kinyume chake kipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi watu wakawajua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kuna mtu anaapa yuko singo, kumbe geto limeshamwoza.

Linabaki mseja. Mimi nalipenda: fupi, halibagui, halimngojei mtu. Kasoro yake ni harufu ya ubani. Ukitaja useja, watu wanawaza mapadre na watawa, na mimi sina nadhiri niliyoweka mbele ya yeyote. Hata hivyo nikaamua ndilo langu.

Wiki iliyofuata nikaitwa tena ofisini, fomu ilikuwa imekosewa tarehe. Dirisha lilelile, karani yuleyule, tunaanza upya. Hali ya ndoa?

"Andika mseja."

Akavua miwani, akainuka kidogo kutoka kwenye kiti.

"Samahani sana, Sista. Uko shirika gani?"