Mtaro nao unataka wakfu wake

Masika haya dadangu kanirikodia sauti saa kumi na moja alfajiri ya Unguja. Huku Milton Keynes, Uingereza, ilikuwa saa tisa usiku. Hakutoa salamu. “Kaka, maji yameshaingia ukumbini, mama tumempandisha juu ya meza.” Nyuma ya sauti yake nasikia ndoo, nasikia watoto, namsikia mamangu akimshukuru Mungu.

Asubuhi yake nikatuma pesa. Ndugu yangu wa Maskat naye katuma. Godoro, unga, dawa ya kumwaga sakafuni, kwa sababu maji yale si ya mvua peke yake; karo la maji machafu la jirani lilifurika likachanganyika nayo. Tumefanya hivyo Mei 2017, mvua ilipoipiga Unguja na Pemba, na tumefanya tena mara nyengine baada ya hapo. Nikikaa nikifikiri, mfuko wa maafa wa mtaa wetu ni watoto walioko nje. Aliyekosa mtoto Ulaya au Arabuni anaanika godoro lile lile juani.

Mji ninaoishi ulianza kupangwa mwaka 1967. Waliupanga wakijua kwamba kila paa na kila barabara ya lami ni mahali ambapo maji hayatazama tena ardhini, basi wakachimba maziwa ya kuyapokea. Willen ni moja, Caldecotte jengine, Furzton jengine. Mvua ikizidi, maji ya mto Ouzel hupata pa kwenda Willen. Ziwa linapanda, njia ya kutembelea inazama, kisha maji yanaachiwa polepole. Siku kavu watu wanapiga makasia pale.

Nilipofika hapa nilidhani ni mapambo. Na kwetu maziwa tulikuwa nayo, tena ya bure kutoka kwa Mungu: yale mabonde ya Mwanakwerekwe na kwengineko katika mji wa Unguja, ambako maji yalikwenda kukaa yenyewe. Tukayafukia kwa kifusi tukajenga juu yake, halafu tukashangaa maji yaliporudi kwao.

Lakini kuchimba si kitu. Kinachonisumbua ni nani analipa mwaka wa kumi, wa ishirini. Mwaka 1992 bustani za mji huu zilikabidhiwa taasisi iitwayo Parks Trust, na pamoja nazo ikapewa majengo ya biashara. Kodi ya majengo hayo ndiyo inayotunza miti, majani na kingo za maziwa. Kuondoa maji machafu na ya mvua ni kazi ya kampuni ya maji, na kila nyumba inailipa kwenye bili. Mzanzibari akisikia habari ya majengo yale hahitaji kufasiriwa. Huo ni wakfu. Wazee wetu waliweka nyumba na mashamba wakfu ili msikiti usikose mafuta ya taa, na mpaka leo tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Sisemi huku hakufuriki. Mei 2018 mvua ya usiku mmoja iliingia majumbani humu humu mjini. Tofauti ni kwamba sheria ya mwaka 2010 inaitaka halmashauri ichunguze mafuriko na itangaze ilichokigundua, na mwananchi anaisoma.

Wala sisemi nyumbani hakujafanywa kitu. Mitaro mikubwa ya ZUSP, mradi wa huduma za miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imewaokoa wengi, na Kibonde Mzungu palipokuwa pakikatika barabara sasa pana daraja. Nafurahi kila nikipita. Ila mkopo unajenga mtaro mara moja, na mtaro unajaa taka, mchanga na chupa kila mwaka. Pesa ya kuuzibua inatoka wapi? Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, masika yanaanza Machi. Yaani mvua kubwa inatukuta mwisho wa bajeti, wakati mafungu yamekauka, na bajeti mpya inaanza kutumika maji yameshakwenda baharini na watu wameshasahau.

Ninachotaka ni fungu la mitaro lisiloguswa kwa jambo jengine, lenye chanzo chake. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima. Kama hilo liliwezekana, basi sehemu ndogo ya tozo za utalii au kodi za majengo ya Serikali iwekwe kwa ajili ya mitaro, na itolewe Januari, si Julai. Tena kila shehia ibandikwe ukutani: mtaro gani umezibuliwa, lini, kwa shilingi ngapi. Sisi wa nje tutachangia kwa moyo mmoja tukiona karatasi hiyo. Mimi nitakuwa wa mwanzo.

Wiki iliyopita nilimwambia dadangu atafute vijana, mtaro wa nyuma ya nyumba uzibuliwe Februari, nitawalipa mimi. Akaenda kuuangalia. Akanirejeshea kwamba mifuniko yake ni ya zege, hainyanyuki bila ya gari ya winchi, na ofisi aliyokwenda kuiulizia gari hiyo wamemwambia asubiri bajeti mpya.