Put off haikaririwi, inasikiwa

Jamani tuongee kidogo kuhusu put off, maana watu wengi wanajifunza Kiingereza kipande kipande, wanashika put ni weka, off ni zima au toka, afu wakikutana na "the meeting has been put off" wanabaki kujiuliza kikao kimewekwa wapi. Kikao kimeahirishwa basi. Maneno ni mawili ila kitenzi ni kimoja, ukikikata umeshapoteza maana.

Na maana yenyewe sio moja. Kuahirisha ndo utaikuta sana maofisini na kwenye mitihani. Kuna ya kukatwa hamu, umeingia mgahawani na njaa yako, harufu ya choo hiyo inakupokea, "the smell put me off", hata chapati huitaki tena. Kuna na ya kuzima taa, hii Waingereza wenyewe wanaisema japo turn off na switch off zimezoeleka zaidi, kwahiyo mwalimu anayemkata mwanafunzi maksi kwa "put off the light" mi naona anamwonea.

Kinachoniuma ni jinsi inavyofundishwa. Hapa Tanzania mtoto anamaliza shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, afu anajaziwa ubao mzima wa phrasal verbs, yaani vitenzi vya aina hii ya put off, kushoto neno kulia maana, kariri. Wakati huyu mtoto mchezo wenyewe anaujua tangu mdogo! Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, hakuna anayechapwa hapo na hakuna aliyempa orodha, aliyasikia tu nyumbani watu wakiongea yakamkaa. Mwalimu angeanzia kwenye piga, nusu ya woga ungeisha siku hiyohiyo.

Halafu muda uende kwenye vitu vinavyosumbua kweli. Put off the meeting sawa, put the meeting off sawa, ila ukitumia it lazima ikae katikati, put it off, ile put off it haipo. Na kitendo kikifuata kinachukua ing, "she put off going to hospital", sio put off to go. Hii haihitaji ubao mzima, inahitaji sentensi za vitu wanavyovijua. Mechi ya darasa imeahirishwa kwa mvua? The match was put off because of the rain. Kila mtu aseme ya kwake, kwa sauti, hata akikosea.