Ukinunua kompyuta, upewe na ufunguo wake

Kuna zoea la mafundi wetu wa kompyuta linalonitisha kuliko virusi vyenyewe. Mteja analeta laptopu apigiwe Windows na Office. Fundi anachomeka flashi, anapiga Windows, halafu kabla ya kuweka kraki, ile programu ya kukwepa leseni, anafungua mipangilio na kuzima Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Hana namna: Defender ikiwa macho, itaifuta ile kraki pale pale. Mteja anaondoka ameridhika, kila kitu kinafunguka, na kati yao wawili hakuna anayejua kilichomo ndani ya lile faili.

Kwa hiyo wanaosema "kompyuta ni yangu, nifanye nitakalo" nawaunga mkono, ila kwa masharti. Mei 2017 programu chafu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai malipo kwa Bitcoin. Huko Uingereza hospitali zikaahirisha matibabu. Tundu lililopitiwa Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake mwezi Machi. Waliokuwa hawajakiweka ndio walioumia, na mashine zao zikaziambukiza nyingine kwenye mtandao uleule. Leo Windows ya nyumbani inakuruhusu kuahirisha masasisho kwa muda tu, si kuyazima moja kwa moja. Inaudhi, hasa bando likiwa la kupimapima, lakini hapo naona Microsoft wana haki.

Ninapoachana nao ni pale ulinzi unapomhesabu mwenye mali kuwa ni mmoja wa wezi.

Chukua Secure Boot, ule ulinzi unaozuia kompyuta, inapowaka, isianzishe programu isiyo na sahihi inayotambulika. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft waliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida, za Intel na AMD, wamwachie mwenyewe njia ya kuuzima au kuweka funguo zake. Kwa vifaa vya Windows RT, vilivyotumia chipu za ARM, waliagiza kinyume chake: usizimike. Surface RT, tableti ya Microsoft wenyewe ya aina hiyo, ikakosa soko, na walioinunua hawakuachiwa njia yoyote rasmi ya kuipigia mfumo mwingine kama Linux ili iendelee na maisha. Ulinzi uleule, kampuni ileile, mwaka uleule.

Apple, ambao kwa kawaida siwasifu katika mambo haya, kwenye Mac wamepata jibu zuri zaidi. Tangu El Capitan, toleo la mfumo wa Mac la 2015, hata ukiwa na mamlaka yote huwezi kugusa mafaili ya ndani ya mfumo. Ukitaka kweli, unazima mashine, unaiwasha kwa hali ya Recovery, yaani ya matengenezo, na huko unaandika csrutil disable, amri ya kuzima ulinzi huo. Programu chafu uliyoipakua kwa bahati mbaya haiwezi kukufanyia hivyo kimyakimya. Mtu aliyeketi mbele ya mashine, mwenye nywila na mwenye nia, anaweza. Mlango ni mzito, lakini mwenye nyumba anao ufunguo. Kwenye iPhone kampuni hiyohiyo haikupi mlango wa namna hiyo, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni suala la ufundi.

Kinachonikera zaidi ni kufungiwa bila kuulizwa. Windows 11 toleo la 24H2, ikipigwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, yenyewe husimba diski, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo. Si jambo baya: laptopu ikiibwa kwenye daladala, mwizi hasomi kitu. Ila ufunguo wa kuokolea, wenye tarakimu 48, hupelekwa kwenye akaunti iliyotumika siku hiyo. Ya nani? Laptopu ya mtumba aghalabu huwashwa dukani, na muuzaji huingiza barua pepe yake ili mambo yaende haraka. Miezi inapita. Siku moja BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta, inasasishwa, au fundi anabadilisha madabodi, na skrini ya bluu inaomba zile tarakimu 48. Tasnifu imo ndani, salama kabisa, hata aliyeiandika haifikii.

Ningekuwa na sauti huko Redmond, makao makuu ya Microsoft, ningeomba kitu kidogo tu: kabla ya kufunga diski, kompyuta isimame, ionyeshe ufunguo kwenye skrini, na isiendelee mpaka mtu auandike kwenye karatasi au auhifadhi kwenye flashi. Asiyetaka kusimbiwa aulizwe hapohapo, aseme hapana, na ieleweke ni kwa hiari yake.

Kwa sasa, kama una Windows 11, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, utazame kama usimbaji wa kifaa umewashwa. Ukiwa umewashwa, chukua nakala ya ufunguo leo, uiweke mbali na hiyo laptopu. Na ukikuta jina la akaunti ni la yule jamaa wa dukani, mtafute kabla hajabadilisha laini ya simu.